Ubaoni Hafi Mtu

Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani, nami nashukuru, ingawa ni utani wa aina yake kumpa mtu saa siku ileile anapoacha kuwa na haja ya kujua ni saa ngapi. Mgeni rasmi alisimama, akarekebisha tai, akatangaza kwa Kiingereza kwamba kama Madam Adventina asingekuja Kyerwa, Kiingereza kingekuwa kimekufa Kyerwa. Alikitangaza kifo hicho kwa Kiingereza ambacho chenyewe kilikuwa mahututi. Nilipogeuka kuwatazama walimu wa lugha, niliwaona mnapiga makofi. Nikajua siwezi kwenda kupalilia migomba yangu kimya kimya, lazima niwaachie maneno mawili matatu.

Vyeo sitavitaja. Vilikuja kwa kuchelewa, na vingine vilipotea njia. Mshahara mnaujua, ni uleule mnaoulalamikia ninyi. Nitasema juu ya kazi yenyewe: kuwafundisha watu nyakati za vitenzi vya Kiingereza, usemi wa taarifa, na zile sentensi za "if" ambazo zimewaliza watoto wengi kuliko viboko. Na nitasema jinsi sentensi hizo zilivyonifuata mpaka kwenye mlango wa chumba alichojifungulia binti yangu.

Mimi ni Mhaya wa Muleba. Wasiotujua wanadhani Wahaya tunajifunza Kiingereza. Sisi wenyewe tunaamini tunazaliwa nacho, shuleni tunakwenda kukisalimia tu. Kwa imani hiyo nilishuka Nkwenda, kituo changu cha kazi hapa Kyerwa, kutoka nyuma ya pikapu la mnunuzi wa maharage, nimevaa viatu vya kisigino na nimekumbatia kamusi. Matope ya Nkwenda yalivipokea viatu vile kwa upendo mkubwa, kimoja hakikurudi. Niliingia kidato cha pili nikichechemea, na kabla sijafungua mdomo darasa zima likasimama na kuimba: "Good morning, madam, we are fine, thank you, madam!" Sikuwa nimewauliza hali. Walinijibu mapema, wakaketi, na kwa upande wao kipindi kilikuwa kimekwisha.

Nikawauliza walifanya nini jana. Mmoja akaniambia kwa Kiingereza kwamba jana anapanda maharage. Mwingine akasema jana anakwenda sokoni. Mpaka kengele inalia, Nkwenda nzima ilikuwa bado iko jana na haijamaliza. Nikarudi ofisi ya walimu nikatangaza kwamba watoto hawa hawajui wakati uliopita hata kidogo.

Pale ofisini alikuwepo Mwalimu Laurian, Mnyambo, mwenyeji hasa wa Kyerwa, kutoka kijiji cha Mabira, mtu mfupi mwenye koti lililowahi kuwa na rangi na mfuko uliojaa kahawa za kutafuna. Alikuwa amefundisha Kiingereza shuleni hapo tangu madarasa yalipokuwa na milango. Alinipa punje chache za kahawa kama mgeni anavyopewa, akangoja nitafune, ndipo akauliza.

"Madam, kwenu Kihaya mnasemaje kwamba mtu amekula leo asubuhi?"

Nikasema.

"Na aliyekula jana?"

Nikasema.

"Na aliyekula zamani, enzi za babu?"

Nikasema, na katikati ya kusema nikajisikia. Nilikuwa nimekitamka kitenzi kilekile kwa sura tatu tofauti bila hata kufikiri.

"Basi mtoto wa Kinyambo naye anazo zote hizo mdomoni kabla hajaota meno," Laurian akasema. "Kiingereza kina wakati uliopita wa kawaida mmoja, ukiwa wa leo ni huo, ukiwa wa babu ni huohuo. Ni lugha ya watu wavivu. Wewe ndiye unayewaambia ni ngumu, nao wanakuamini kwa sababu una kamusi."

Kesho yake alinichukua darasani kwake. Hakubeba kitabu. Alibeba tawi la mbuni lenye punje mbichi, punje zilizoanza kuwa nyekundu na punje zilizoiva, akalitundika kwenye msumari juu ya ubao. Hii imeiva. Hii inaiva. Hii itaiva. Hii ilikuwa imeshaiva kabla ndege hajaja kuidonoa. Watoto waliokuwa wakisinzia kwenye kipindi changu walibishana naye kwa Kiingereza kuhusu ile punje ya pembeni, kama imeiva au bado, maana kahawa ni kitu cha kugombaniwa na wakati uliopita si kitu cha kugombaniwa. Nimetumia tawi hilo miaka yote. Ninyi mmeletewa mashine ya kuonyesha picha ukutani, nayo ni nzuri sana, hasa siku umeme unapokuwepo.

Usemi wa taarifa aliufundisha kwa miguu. Alimtuma kiranja wa darasa, binti mmoja mwerevu, aende kwa mkuu wa shule kuomba chaki kwa Kiingereza, kisha arudi aseme alichojibiwa. Mkuu wetu wa siku hizo hakuwa na subira. Sote tulimsikia kupitia dirishani akisema kwamba yeye si kiwanda cha chaki na Laurian aache kumsumbua. Binti akarudi, akasimama wima, akaripoti kwa Kiingereza safi, kila kitenzi kimerudi nyuma hatua moja inavyotakiwa, kwamba mkuu wa shule alisema anamsalimu mwalimu na kwamba chaki ilikuwa njiani.

"Lakini huo ni uongo!" nikamnong'oneza Laurian.

"Ni adabu," akasema. "Hapa mjumbe hapeleki tusi kama alivyolipokea. Hulifua kwanza." Akampa binti alama zote. Chaki haikuja, bila shaka, lakini hakuna aliyegombana.

Nilicheka sana siku hiyo. Niliona nimeletwa mahali ambapo sarufi inatawaliwa na adabu za ukweni. Kisha nikafika kwenye sentensi za masharti, nikamwonyesha Laurian andalio langu la somo. Mfano niliutoa kitabuni: kama baba yako angekufa, ungerithi shamba lake. Kitabu kilichapwa mbali, na waliokiandika inaonekana walikuwa na haraka na mashamba ya baba zao. Laurian akachukua kalamu akaufuta mfano ule kwa mstari uliotoboa karatasi.

"Ubaoni hafi mtu," akasema.

"Ni mfano tu, mwalimu."

"Hapa ukimweka mzazi wa mtu na kifo katika sentensi moja, hatuulizi ni masharti ya aina ya ngapi. Tunauliza umejuaje, na una mpango gani."

Akanipa kanuni ambayo mimi, na kamusi yangu, niliiona ya kishamba. Jambo baya lisimpate aliye mbele yako, wala ndugu yake, wala lisiwe jambo linalokuja. Liwe limekwisha kutokea, mbali, kwa mtu asiye na jina. Anza hivi: kulikuwa na mtu mmoja, si wa hapa. Ukianza hivyo Mnyambo atakusikiliza mpaka ndizi ziungue jikoni. Ukianza na "wewe ukifa," atachukua fimbo yake aondoke, na hatakuaga. Kusema kweli hata kwetu Muleba woga huo upo, ila nilidhani ukiyasema kwa Kiingereza unapata msamaha.

Aliyeniondolea dhana hiyo alikuwa mwezeshaji. Wakongwe wenzangu mnawakumbuka wawezeshaji: watu wanaokuja na mradi, fulana na maka peni, wanakaa siku chache, wanatuacha na mabango. Huyu alitoka mjini kutuonyesha somo la mfano. Alitutaka walimu wote tuketi nyuma ya darasa tuone namna ya kumshirikisha mwanafunzi. Laurian alimwuliza mapema, kwa upole, kama angependa kuangaliziwa mifano yake. Mwezeshaji akasema mbinu zake ni za kisasa. Akasimama mbele, akamchagua mtoto aitwaye Deus kwa kuwa alikuwa na sura ya kushirikishika, akaandika kwa maka peni nyekundu: "If Deus's father died, Deus would inherit the farm."

Darasa likanyamaza. Mwezeshaji alidhani wanafikiri. Laurian, kando yangu, alitoa kahawa mfukoni akaanza kutafuna polepole, kama mtu aliyekwisha kata tiketi.

Asubuhi iliyofuata baba yake Deus, Mzee Bitegeko, alikuwa kwenye uwanja wa shule akiwa na kaka zake, wamevaa makoti ya kanisani. Mwezeshaji alikuwa bado yupo, gari lake lilikuwa limekwama kwenye matope yaleyale yaliyokula kiatu changu. Akaitwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Ni wewe uliyesema nife?"

"Hapana, mzee, ule ni mfano. Ni masharti ya aina ya pili. Ni jambo lisilo la kweli, la kufikirika tu."

"Kwa hiyo ulikaa ukafikiri."

"Si hivyo, mzee wangu..."

"Na shamba langu ukampa Deus. Nina watoto wengine, hao umewaweka wapi?"

Mwezeshaji akatutazama walimu ili tumshirikishe. Hatukushirikishika. Mzee hakutaka polisi wala fidia. Alitaka maneno yale yarudishwe na mdomo ulioyatoa, mbele ya watu walewale waliosikia. Basi kengele ikapigwa, shule nzima ikajipanga, na mwezeshaji akapanda jukwaani akasema kwa Kiingereza kwamba Bwana Bitegeko yu hai na ataishi. Mzee akainua mkono.

"Uliniua kwa Kiingereza, sawa, sikusikia maumivu. Lakini kunifufua, nifufue kwa lugha ninayoisikia."

Akafufuliwa kwa Kiswahili. Laurian akaongeza Kirunyambo kwa usalama zaidi. Mzee Bitegeko aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila alipougua aliwaambia wanawe waache kunong'ona, kwa sababu serikali ilishatangaza jukwaani kwamba ataishi. Mwezeshaji alitutumia ripoti yenye kusema kwamba jamii inayozunguka shule ina ushiriki mkubwa. Huo nao ni usemi wa taarifa, umefuliwa vizuri.

Tangu hapo sikumwua mtu ubaoni. Laurian alistaafu akarudi Mabira kwenye kahawa zake, na mimi nikarithi msumari wa kutundikia tawi. Nilipata watoto, nikazeeka, nikawafundisha watoto wa wanafunzi wangu, ambao walirithi makosa ya wazazi wao pamoja na viatu.

Miaka yangu ya mwisho kazini, padri alinifuata na mwanafunzi ambaye sikumtarajia. Kule Mabira kanisa lilikuwa limejenga wodi ya wazazi. Ilipakwa rangi, ikaletewa vitanda, magodoro yakiwa bado ndani ya nailoni, kisha ikafungwa kwa kufuli kubwa, kwa sababu hakukuwa na mkunga mwenye leseni. Mkunga mwenyewe alikuwepo. Alikuwa Sista Consuelo, mtawa kutoka Amerika ya Kusini, aliyekuwa amezalisha wanawake wa kwao mpaka nywele zikaota mvi. Kiswahili alikuwa amejifunza, cha kuombea maji na cha kukaripia. Lakini leseni ilitaka usaili, na usaili ni kwa Kiingereza.

Hebu tazameni mambo yetu. Mzungumzaji wa Kihispania afundishwe Kiingereza na Mhaya, ili watu wanaozungumza Kiswahili wamwulize maswali kwa Kiingereza, waridhike kwamba anaweza kumzalisha Mnyambo ambaye atakuwa anapiga kelele kwa Kirunyambo. Padri alinieleza yote hayo bila kucheka. Mimi nilicheka kwa niaba yetu sote, halafu nikaacha, kwa sababu ya Koku.

Koku ni binti yangu. Ameolewa Mabira, kwa Emanueli, mkulima ambaye wazee wake walitoka Burundi, kijana ambaye nilimkataa kwa mdomo mrefu na sasa namshukuru kimyakimya. Mtoto wao wa kwanza alifia njiani. Uchungu ulimkamata Koku, damu ikaanza kumtoka, wakampakia kwenye bodaboda kumkimbiza Nkwenda, na mtoto hakufika. Nalisema waziwazi kwa kuwa limekwisha kutokea. Walipita mbele ya wodi ile yenye kufuli na magodoro ya nailoni. Padri aliponijia, Koku alikuwa na mimba nyingine. Kwa hiyo sikumfundisha sista kwa wema wala kwa ajili ya kanisa. Nilimfundisha kwa woga.

Tulikaa barazani kwa padri. Makosa yake yalikuwa ya kwao, nami niliyafurahia kwa kuwa nilikuwa nimechoshwa na ya kwetu. Alikuwa akimwacha mtenda wa sentensi nyuma. Alisema "Is bleeding," anatoka damu, nami namwuliza nani, akashangaa, maana kwao kitenzi humbeba mtu tumboni, kama Kiswahili kinavyofanya. Watoto wa Nkwenda kwa upande wao humtaja mtu mara mbili, mama yangu yeye anaumwa. Nilitamani kuwafungia chumba kimoja wagawane. Alisema yeye ni muuguzi tangu miaka mingi, kana kwamba miaka hiyo bado imesimama mlangoni. Nikalileta tawi la mbuni barazani. Alilitazama, akacheka, akaniambia kwao pia ni kahawa tupu, milima kwa milima. Siku hiyo wakati timilifu uliingia ukakaa.

Masharti yalimpa shida, kisha akayaelewa, kisha akayapenda, na hapo ndipo balaa lilipoanza. Akisubiri usaili aliruhusiwa kusaidia kliniki ya wajawazito ya palepale Mabira: kupima uzito na kutoa elimu. Akaona ni mahali pazuri pa kufanyia mazoezi. Kila mama aliyeketi mbele yake alimwuliza kwa Kiswahili chake kilichonyooka: "Mama, wewe ukitokwa damu nyingi nyumbani, utafanya nini? Ukizimia, nani atakuleta?" Maswali ni ya maana sana, yanafundishwa kwenye vyuo. Wiki chache tu, benchi la kliniki likabaki na mbuzi wa padri.

Koku naye akaacha kwenda. Nikamfuata Mabira nikiwa nimewaka.

"Mama, yule sista ananitabiria," akasema. "Aliniuliza mimi nikizimia. Mimi! Anajua yaliyonipata?"

"Ni maswali ya kitaalamu, Koku. Hana nia mbaya."

"Ishindwe nia yake. Wewe mwenyewe ulitufundisha ubaoni hafi mtu. Sasa mimi ndiye niwe ubao wake?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa sista, nikamkuta amekaa peke yake na mizani, karibu kulia. Alisema hawa wanawake hawajali maisha yao. Nikamwambia wanayajali kiasi kwamba hawataki yachezewe na kitenzi. Nikampa kanuni ya Laurian.

"Lakini lazima waandae usafiri, Mwalimu! Lazima niwaulize!"

"Waulize. Ila usiwaulize kuhusu wao. Mtafute mama mmoja, si wa hapa. Awe wa Bugomora. Bugomora ni mbali kiasi cha kutosha."

Akarudi kliniki, akawaambia wale wachache waliokuja kumchungulia kwamba kulikuwa na mama mmoja wa Bugomora, alikuwa mjamzito, damu ikaanza kumtoka nyumbani, mume wake akakaa anatafuta shati. Benchi likasogea. Mume wa namna gani huyo? Hakuwa na jirani mwenye pikipiki? Mafuta je? Kwa nini hawakuongea na jirani mapema? Mama mkwe wake alikuwa wapi, amekaa tu? Waliwatukana watu wa Bugomora mpaka wakatosheka, na katika kutukana huko kila mmoja akataja pikipiki ambayo yeye, kama mtu mwenye akili, alishaiulizia au angeiulizia jioni hiyo. Wiki iliyofuata benchi lilijaa. Walikuja kujua yule mama aliendeleaje. Koku alikuja pia, amefuatana na Emanueli. Baadaye nilisikia kwamba kliniki za kule Bugomora nazo zina hadithi ya mama mmoja mzembe, si wa huko, wa Mabira.

Sista akaenda kwenye usaili akiwa na furaha. Akarudi amefeli.

Nilimketisha barazani anisimulie. Jopo lilimwuliza angefanya nini kama mgonjwa wake angeanza kutokwa damu baada ya kujifungua. Naye akasema kwanza Mungu apishe mbali. Kisha akawaambia kwa Kiingereza kwamba kulikuwa na mama mmoja, si wa pale, akaeleza alivyomkanda tumbo, sindano aliyompa, dripu aliyomtundikia, alivyomfunika asipate baridi, hatua kwa hatua, kila kitenzi mahali pake. Jopo likasema hakujibu swali. Likasema anasimulia hadithi. Mwenyekiti akamshauri arudi akajifunze masharti.

Nilikasirika nikavunja kikombe cha padri. Maisha yangu yote nimefundisha watu wakanielewa nusu, na huyu mmoja aliyenielewa yote ndiye akafeli. Watu wale kwao wana mama zao kama sisi. Nina hakika hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kumwambia mama yake mzazi jikoni "wewe ukifa." Lakini wapeni meza na chupa za maji, wanataka mtu auawe mbele yao kwa sarufi sanifu. Na tumbo la Koku lilikuwa linakua, halikusubiri jopo lijifunze adabu.

Usaili wa pili ulipopangwa nilimwambia sista, "Kule mjini hawaogopi kitu. Ukifika, waue wote. Wape 'if,' wape 'would,' na wakitaka kitabu kizima cha maiti, wape."

"Na mama wa Bugomora?"

"Mwache nyumbani. Amechoka."

Akaenda akawaua. Walimpongeza kwa maendeleo makubwa ya lugha. Leseni ikaja, padri akaitisha ibada ya kufungua wodi, na ikagundulika kwamba ufunguo uko kwa katekista aliyehamia Bukoba. Kufuli likakatwa kwa msumeno huku kwaya ikiimba wimbo mrefu kuliko uliopangwa.

Koku alishikwa na uchungu siku ya gulio la Nkwenda, mchana, nikiwa kati ya wauza ndizi. Emanueli alinipigia akasema neno moja tu, "Tumeshafika," na simu ikakatika. Nilipanda bodaboda nikiwa nimesahau ndizi na chenji. Njia ile ya Mabira naijua, lakini siku hiyo niliona kila kona mtoto yule wa kwanza. Niliogopa. Nimeogopa wakaguzi, nimeogopa matokeo ya kidato cha nne, sijawahi kuogopa namna ile.

Emanueli alikuwa amesimama nje ya wodi, shati lake lina damu mbele. Kando yake jirani aliyewaleta alikuwa bado ameshikilia pikipiki. Nilikaa kwenye benchi. Ndani kulikuwa kimya, na kimya cha wodi ya wazazi si kizuri. Nilisikia sauti ya sista ikitoa amri kwa Kihispania, nikajua mambo yamekuwa mabaya, maana mtu anapobanwa hurudi kwenye lugha ya mama yake.

Mlango ukafunguliwa. Sista akatoka, aproni yake imelowa nyekundu, uso hauna rangi. Akanikaribia, akainama.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba."

"Habari za Nkwenda? Gulio lilikuwa zuri?"

Nikamjibu ni nzuri. Kwetu habari nzito hutanguliwa na salamu ndefu, naye nilimfundisha mimi. Akaketi kando yangu, akapumua.

"Mwalimu," akasema, "kulikuwa na mama mmoja."

Nikashika ukingo wa benchi. Emanueli akageuka akatazama ukuta.

"Si wa hapa," akasema sista.

"Wa wapi?" Sauti haikuwa yangu.

"Wa Bugomora. Alijifungua, na damu ikamtoka. Nyingi sana, Mwalimu. Lakini mume wake alimleta mapema. Jirani yao alikuwa na pikipiki, ina mafuta, walikuwa wameshaongea." Akanishika mkono, wake ukiwa bado na unyevu wa maji ya kunawa. "Wakamkanda tumbo. Wakampa sindano. Damu ikakata. Sasa amelala, amefunikwa vizuri."

"Na mtoto?" nikauliza. "Mtoto wa huyo mama wa Bugomora?"

Kabla hajajibu, sauti ikapasuka kule ndani, nyembamba, yenye hasira kama ya Mhaya aliyekosewa heshima. Nililia pale kwenye benchi mbele ya mkwe wangu na mwenye pikipiki, bila hata kutafuta kitambaa. Nilipoweza kusema nikauliza mtoto anaitwa nani.

"Bado hana jina," akasema sista. "Wanamsubiri bibi yake. Wanasema yuko njiani, anatoka Nkwenda."

Nikasimama, nikafuta uso kwa upande wa kanga, nikaingia.